Alichokisoma Hlynur

Saa tatu asubuhi, na Akureyri bado giza.
Navua buti mlangoni, napanga kadi tatu mezani:
kondoo, kijiko, glavu.
"Nionyeshe kondoo."
Hlynur, miaka minne na nusu, anagusa kondoo.
"Vizuri!" Nampa pia yake ya bati.
Anaizungusha sekunde kumi, shavu limelala juu ya meza,
anausikiliza mvumo wake hadi unakufa.
Naandika alama ya kujumlisha.
Tena.

Hivyo ndivyo zilivyokwenda wiki tisa.
Fomu zilijaa alama,
na Bergljót, mama yake, alizibandika kwenye friji.

Kisha nikaumwa jicho.
Daktari akanipa miwani myeusi, siku tano.
Kiti kilekile, kadi zilezile.
"Nionyeshe kondoo."
Akagusa glavu.
"Nionyeshe kijiko."
Glavu.
Akauinua uso wake, akauinamisha upande,
kama mtu aliyefika nyumbani kwake
akakuta kitasa kimebadilishwa.

Nikaandika kwa wino: amesahau.
Nikatia nukta, nikaenda kunywa kahawa.

Álfheiður, msimamizi wangu, hakubishana.
Alileta video za Novemba na Desemba, akazima sauti.
"Usimtazame mtoto," alisema. "Jitazame."

Nikajiona natamka neno,
na kabla kidole cha mtoto hakijanyanyuka
macho yangu yameshatangulia,
yameshatua juu ya kondoo, yanamngoja.
Mara ya kwanza nilicheka.
Mara ya ishirini niliomba maji.

Na yalikuwapo mengine; penseli yake iliyahesabu:
hapa amepatia, nami niko chini ya meza natafuta kalamu,
pia haikutoka;
hapa amekosea, nami kwa uchovu wa Ijumaa
nimeropoka "vizuri";
hapa nimeuliza swali moja kwa maneno ya namna tatu.
Haba na haba hujaza kibaba.
Wahenga hawakusema kibaba hicho kinajazwa nini.

Faili lake, ukurasa wa kwanza, mstari wa nne,
mwandiko wangu mwenyewe:
Hatazami watu machoni.

Wiki tisa hakuwa akitazama kitu kingine.
Kwa pembe ya jicho, kwa wizi, chini ya nywele zake,
aliyasoma macho yangu herufi kwa herufi
na hakuruka mstari.
Kondoo hakumjua. Kijiko hakukijua.
Alinijua mimi.

Mkono mtupu haulambwi, ni kweli.
Lakini uliojaa hulambwa popote unapoelekea,
nao wangu ulielekea kwingine,
mchana kweupe, taa zimewaka,
na mtoto akaufuata kwa uaminifu
ambao sikuwa nimeustahili.

Nilimwambia Bergljót jikoni kwake.
Sikusema "takwimu," sikusema "utaratibu."
Nilisema: nilimfundisha vibaya, akajifunza vizuri.
Alinyamaza, akasonya kidogo,
akazibandua fomu mojamoja, akazikunja.
Moja akaiacha.
"Hii ni ya tarehe kumi na moja," alisema.
"Siku hiyo alikula keki."

Leo tumeanza upya.
Theluji imeziba nusu ya dirisha.
Nimezichanganya kadi bila kuziangalia,
na kabla ya kutamka nimefumba macho, kabisa.
"Nionyeshe kondoo."

Gizani nasikia kiti kinalia.
Pumzi. Kimya kirefu,
kirefu kuliko fomu inavyoruhusu.
Kisha vidole viwili, vya baridi,
vinatua juu ya kope zangu
na taratibu, kwa adabu,
vinajaribu kuzifungua.